Kipaji, Kamati na Tarehe

Mfadhili mkubwa wa sanaa Dar es Salaam hana ofisi, hana muhuri na hajawahi kuita waandishi wa habari. Hukutana Jumapili saa kumi jioni kwenye baa tulivu ya Mwananyamala, au chini ya mwembe wa mtu huko Yombo. Ana mwenyekiti mwenye sauti, mweka hazina anayeogopwa, katibu mwenye daftari na wajumbe wanaofika agenda ya tatu ikiwa imeshapita. Ni kamati ya harusi.

Wizara ina mfuko wake wa utamaduni na sanaa, balozi zina ruzuku zao, na watalii wanashuka na dola zao. Hayo yote ni mazuri kwa anayeyafikia. Lakini mwenye mkono mwepesi anayeishi Mbagala, Tandika, Kijitonyama au Bunju, ambaye mchana ni karani, nesi, mwalimu wa shule ya msingi au muuza duka, akipata senti ya ziada kwa kipaji chake, senti hiyo mara nyingi imetoka kwenye daftari la kamati fulani.

Hesabu wanaokula harusini kabla pilau halijapakuliwa. Yupo aliyesanifu kadi za michango na za mwaliko, ambazo siku hizi nyingi zinaundwa kwenye simu na kusambazwa WhatsApp. Yupo aliyemchora bibi harusi hina. Kuna mshona sare, na kila upande una sare yake. Kuna mpambaji aliyekesha akikunja vitambaa vya steji, mwoka keki, mpiga picha na mwenzake wa video, na mshereheshaji anayejua kuzungumza na wazee wa pande zote mbili bila kuvunja heshima. Kuna DJ. Kwa familia zinazopenda ya kwao kuna ngoma au kikundi cha taarabu. Na hiyo ni siku moja. Kabla yake kuna kicheni pati, kuna singo, kuna sendofu, na kila shughuli ina michango yake, mapambo yake na MC wake.

Wengi wa watu hao wana kazi nyingine, na hawaoni aibu kusema hivyo. Mtaani wanaita mchongo. Mchongo wa Jumamosi ndio unaolipa ada ya mtoto ambayo mshahara ulishindwa kuigusa.

Kwa nini harusi ilipe pale ambapo picha ya ukutani inashindwa? Jibu langu ni tarehe. Anayetaka kununua picha anaweza kukuambia atapita mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi akapita kweli, lakini kwa upande wa pili wa barabara. Bibi harusi hana nafasi hiyo. Ukumbi umelipiwa, ndugu wa Songea wameshakata tiketi, shehe au padri amepewa siku. Saa ya kuchorwa ikifika lazima mchoraji awepo, na lazima alipwe kabla hajaondoka. Sanaa yenye tarehe haikopeshwi kirahisi.

Chukua hina. Unga hukorogwa siku moja kabla kwa maji ya ndimu, wengine kwa chai ya rangi iliyokolea, ukafunikwa ukalala. Asubuhi yake unajazwa kwenye koni ya nailoni iliyokunjwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu, kisha ncha inakatwa kwa wembe. Hapo ndipo penye ufundi wa kwanza, maana tundu likizidi kidogo tu mstari unavimba na jani linageuka doa. Mchoraji mzoefu huanza na miguu. Mikono ikitangulia, bibi harusi atakosa cha kujikunia, na mbu wa Temeke hawana habari na shughuli ya mtu. Simu inapoita, mdogo mtu ndiye anayeishika sikioni. Mashoga wamejaa chumbani wakitoa maoni, kila mmoja ana picha ya Instagram anayotaka iigizwe, na mchoraji anaitikia wote huku mkono wake ukiendelea na ua alilolikusudia tangu mwanzo.

Kisha kuna piko, ile nyeusi inayokoza haraka. Wateja wanaipenda kwa sababu hina halisi inataka saa nyingi hadi ikolee. Nyingi ya piko inayouzwa madukani ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali inayofupishwa PPD ambayo inaweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge, hata makovu. Mchoraji makini hujaribu tone moja kwenye ngozi ya mteja siku kadhaa kabla. Hilo nalo ni kazi, lina nauli yake, na sijaona kamati iliyoliandikia fungu.

Hapo ndipo wengi wanapopunjika, tena kwa mikono yao wenyewe. Ukimuuliza msanii wa pembeni bei aliipataje, atakutajia vifaa: hina kiasi hiki, vitambaa kiasi hiki, unga wa keki, mayai, siagi. Anajumlisha, anaongeza kidogo ya soda, anataja. Tuseme mchoraji wa Mbagala ameitwa Tegeta kwa shilingi 40,000. Hina na piko shilingi 6,000. Kwenda kwa daladala na kurudi usiku kwa bodaboda hadi kituoni, shilingi 9,000. Amebaki na 25,000. Njiani ametumia saa nne kwenda na kurudi, amesubiri saa mbili bibi harusi arudi kutoka saluni, amechora saa tatu. Saa tisa. Ni chini ya shilingi 2,800 kwa saa, na hapo hatujagusa miaka aliyojifunza kwa kuwachora wadogo zake bure. Mteja naye hana habari na hesabu hiyo. Anachojua ni kusema, "Shoga, si unachora tu?"

"Unachora tu" imewatia umaskini watu wengi kuliko kodi ya mapato. Ina ndugu zake: "unaongea tu" kwa mshereheshaji, "unabonyeza tu" kwa mpiga picha. Na mbaya kuliko zote ni bei ya undugu, kwa sababu aliyeileta ni binamu, na binamu huyohuyo ndiye mjumbe wa kamati aliyekuombea kazi.

Wazo la kuishi kwa kazi moja na kuchora kwa nyingine halikuanza na simu janja. Mchoraji mashuhuri kuliko wote waliowahi kuishi Kinondoni alikuwa mtu wa kazi ya pembeni. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akapita mashamba ya mkonge Tanga, akaingia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950 na kufanya kazi za nyumbani na bustani. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli, kwa sababu ilikuwa rahisi kupatikana na inang'aa. Mkewe, Agatha, aliziuza picha hizo Morogoro Stores, Oysterbay, palepale wageni waliokuwa wakiishi jirani walipokwenda kununua mahitaji. Baadaye Tingatinga alipata ajira Muhimbili, na brashi ikawa ya baada ya kazi.

Sifa ya Agatha huwa haitajwi vya kutosha. Mume alikuwa na jicho la chui na tausi. Mke alikuwa na jicho la mahali. Picha zilezile zingewekwa Manzese zingekaa hadi ziingiwe na mchwa. Zilipelekwa kwa mtu mwenye pesa mfukoni, ukuta mtupu nyumbani na safari ya kurudi Ulaya akihitaji zawadi. Safari hiyo nayo ni tarehe.

George Lilanga, yule Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 na ambaye mashetani yake yenye masikio makubwa yamezunguka majumba ya sanaa ya Ulaya, Marekani na Japani, naye aliingia kwa mlango wa mshahara. Alipofika Nyumba ya Sanaa katika miaka ya 1970 alianza kama mlinzi. Wenzake walipoona alichokuwa akikichonga na kukichora, lindo likaishia hapo. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, na alipofariki mwaka 2005 alikuwa mmoja wa wasanii wa Kiafrika wanaotajwa popote.

Nawataja hawa wawili kwa makusudi, kwa sababu kuna hadithi nyingine ambayo vijana wa uswahilini wameimeza nzima. Diamond Platnumz alikulia Tandale, aliwahi kuuza mitumba, leo ni Diamond. Kweli tupu. Lakini kijana wa Tandale anayeacha kazi yake ya duka ili akae studio akisubiri zamu ya kuwa Diamond amechukua mwisho wa hadithi na kuacha katikati yake, ile sehemu ya mitumba. Mshahara mdogo ndio uliowapa Tingatinga na Lilanga chakula cha jioni hadi brashi ikaanza kulipa. Asiye na njaa ya leo ana ubavu wa kukataa bei mbaya.

Tingatinga aliuawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliolidhania gari alilokuwamo ni la wahalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wao hapohapo Oysterbay. Mtindo ukasambaa hadi Zanzibar, Arusha na Nairobi. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuangalia katuni zilizochorwa Nairobi kwa mtindo huo, Tinga Tinga Tales, vipindi 52. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Piga hesabu: kwa Tingatinga miaka hiyo iliisha mwaka 2022. Na hata ingekuwa haijaisha, sheria inalinda picha ile aliyoichora, haiulindi mtindo. Anayebuni staili mpya ya kukunja vitambaa vya steji Mbagala leo ajue kwamba Jumamosi ijayo ataiona Tabata, na hakuna wakili atakayemsaidia. Kinachomlinda ni kuwa wa kwanza kukumbukwa na wajumbe.

Wanaotegemea mgeni wana mtihani wao. Pale Mwenge, kwenye soko la vinyago, wachongaji wa mpingo wanaweza kukuonesha kwa vidole ni mabanda gani yalifungwa mwaka wa corona. Watalii walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020 walishuka hadi takriban 620,000. Kinyago hakina mteja mbadala wa karibu. Mkazi wa Kimara hanunui kinyago cha ujamaa kumzawadia mwali, atanunua kochi la Keko. Watu wa mitaani, hata mwaka ule wa mashaka, waliendelea kuoana.

Singeli inaeleza jambo hilohilo kwa kasi yake. Muziki huu umezaliwa kwenye shughuli. Kabla ya studio kulikuwa na mchiriku na vinanda vya Casio, vigodoro vya usiku kucha, turubai lililoziba barabara, na mama mwenye shughuli aliyelipa. Studio ndogo kama Sisso ya Mburahati zilitengeneza midundo ya kompyuta ambayo mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, iliikusanya katika Sounds of Sisso, na watayarishaji wake wakaanza kupanda ndege kwenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Ulaya ilipokea muziki, lakini mtaani kilicholisha wengi ni jina la mwenye shughuli kutajwa kwenye kipaza sauti, na noti kutunzwa papo hapo. Mirabaha ya redioni huja polepole. Januari 2022, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya serikali, iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki ambao nyimbo zao zilichezwa kwenye vyombo vya habari. Ni hatua njema, ila ukiigawanya kwa idadi ya majina yaliyokuwa kwenye orodha, wengi walipata kiasi ambacho MC wa kati anakipata kwa Jumamosi moja.

Kuhusu serikali sitakaa sana. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato chini ya utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, kwa hiyo hofu ya wengi kuchukua namba ya mlipakodi, TIN, mara nyingi imetiwa chumvi, na kumbi na kampuni kubwa hazikulipi bila hiyo TIN. Anayelipwa kwa maudhui ya mtandaoni, tangu Julai 2024, hukatwa asilimia 5 na anayemlipa. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka uliofuata, nayo kwa kawaida inataka vikundi. Msanii ni mtu wa peke yake, atasema. Harusini si peke yake hata kidogo. Mchora hina, mpambaji, mwoka keki na mshereheshaji wanakutana kila wiki mlango wa nyuma wa ukumbi uleule, na namba zao zimo kwenye simu za kila mmoja wao. Kikundi kipo, kimekosa katiba tu.

Duka la watu hawa ni status ya WhatsApp. Hapo ndipo kazi ya jana inapouza ya kesho, na hapo pia ndipo ninapowalaumu. Mpambaji anapiga picha steji ikiwa nusu, ndoo na ngazi zinaonekana, taa haijawashwa, kwa sababu amechoka na anataka kulala. Mwingine anaazima picha za Lagos na kuziita zake. Mteja anaitaka ile ya Lagos, bajeti ni ya Mtoni Kijichi, na siku ya siku ugomvi unakuwa wa nyumba mbili. Picha tatu za kazi yako mwenyewe, zilizopigwa wageni hawajaingia, zinatosha kwa msimu.

Msimu ndio jambo ambalo wengi wanalijua kwa mateso kuliko kwa kalenda. Waislamu hukimbiza ndoa mwezi wa Shaabani kabla ya mfungo, kisha Mfunguo Mosi shughuli zinafumuka tena. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, na Desemba ndiyo yao, likizo zikiwa zimeungana na ndugu wametoka mikoani. Mwenye wateja wa dini zote mbili hujipa moyo kwamba upande mmoja ukikauka mwingine utamlisha. Miaka ya karibuni hesabu hiyo imegoma. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 mwezi huohuo. Mwaka 2026 vyote viwili viliingia karibu siku moja, katikati ya Februari. Kwa mpambaji wa Temeke hiyo ni takriban wiki nne ambazo simu haiiti, wakati kodi ya stoo ya viti na vitambaa inaendelea. Aliyekuwa na kazi ya mshahara alipumua. Aliyeiacha mwezi Desemba kwa kulewa michongo alikopa.

Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu, hivyo mgongano huo hautadumu. Utakuja mwingine, na huu ni wa neema. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mapema Januari na tena karibu tarehe 26 Desemba. Maana yake Shaabani itaangukia palepale kwenye harusi za Kikristo za mwisho wa mwaka, na kamati za Mbagala, za Tegeta na za Kigamboni zitagombea kumbi zilezile, viti vilevile na mikono ileile, ndani ya Jumamosi nne. Anayechora leo kwa bei ya undugu ana muda wa kutosha kupanga bei ya Desemba hiyo, na kuanza kuwazoesha binamu zake kutanguliza advansi.